Tuondoe Vichochezi vya Mzio Majumbani

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapopambana na kitu kisichowadhuru watu wengi, kama vile vumbi, chavua au chakula fulani. Dalili zake ni kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha na vipele. Kwa mwenye pumu, kifua hubana na kutoa mlio, hasa usiku.

Katika Kata ya Kasoli, msimu wa pamba huleta vumbi hadi vyumbani kwa kaya zinazohifadhi zao hilo ndani ya nyumba. Wananchi mnashauriwa kutolala chumba kimoja na pamba, na kuipeleka mapema kwenye ghala la AMCOS. Aidha, nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia. Anikeni magodoro juani na fueni mashuka kila wiki, kwani utitiri wa vumbi huishi humo. Moshi wa kuni nao huamsha pumu. Pikieni mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto.

Mtoto anayehema kwa shida au kuvimba midomo awahishwe kituo cha afya mara moja. Asisubirishwe hadi asubuhi.