Aliyeiba Krismasi

Juzi mjini Korogwe niliwakuta watoto wa kipaimara wamezunguka simu moja, wakimcheka Grinch, yule kiumbe wa kijani anayeiba zawadi za Krismasi.

Kisa hicho cha Dr. Seuss kilitoka mwaka 1957. Katika katuni ya 1966, Grinch anachukia sikukuu kwa sababu moyo wake ni mdogo mno, basi. Katika filamu ya 2000, aliyoigiza Jim Carrey, tunaambiwa alichekwa na wenzake shuleni. Katika ile ya 2018, ni yatima asiyekuwa na wa kusherehekea naye.

Ndugu zangu, kila filamu mpya inauliza zaidi: nani alimuumiza? Ni swali la huruma. Lakini tuangalie, jeraha lisigeuke ruhusa ya kuwaumiza wengine.

Luka, sura ya 19, hasemi nani alimuumiza Zakayo. Yesu anamwita kwa jina, anakwenda nyumbani kwake. Naye Zakayo anaahidi kurudisha mara nne. Grinch pia, katika zote tatu, anarudisha alichoiba, kisha anaketi mezani na wale aliowaibia. Kukaribishwa na kurudisha vinakwenda pamoja.

Handeni yuko mzee aliyegombana na nduguze kwa ajili ya shamba. Miaka mingi nimepita mlangoni kwake nikisema, "Ndivyo alivyo." Majilio haya nitapiga hodi. Wewe je, utapiga hodi kwa nani?