Kozi Fupi ya Upigaji Picha: Namna ya Kuchagua Mafunzo Yanayojenga Ujuzi na Kujiamini

Picha ni sehemu ya maisha ya kila siku katika Nyanda za Juu Kusini. Harusi, kipaimara na mahafali huhitaji mpiga picha. Mwenye duka la stesheneri hujipatia kipato kwa picha za pasipoti. Mfumaji wa vikapu wa Iringa na muuza vitenge wa Mwanjelwa jijini Mbeya huwatafuta wateja kwa picha wanazozituma kwa simu. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi hutoa akiba zao kulipia kozi fupi za upigaji picha. Wapo wanaohitimu wakiwa na ujuzi unaowalipa, na wapo wanaorudi nyumbani na cheti kilichotiwa fremu huku kamera ikiendelea kuwatia hofu. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, na mambo ambayo mlaji anapaswa kuyachunguza kabla ya kulipa.

Kozi fupi inaweza kukupa nini

Kwa muda mrefu ufundi wa picha katika Afrika Mashariki ulirithishwa ndani ya studio. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, iliendelezwa na mwanawe Rohit. Anayekulia studioni huwa na miaka mingi ya kukosea na kusahihishwa. Kozi ya wiki nne au miezi mitatu haiwezi kuziba nafasi ya miaka hiyo, na tangazo linaloahidi kukufanya bingwa ndani ya siku chache linastahili kutiliwa shaka.

Hata hivyo, kozi fupi iliyo nzuri hufanya jambo moja la thamani kubwa: humfundisha mwanafunzi kujua kwa nini picha imeharibika. Mwanga unaoingia kwenye kamera hutawaliwa na mambo matatu, yaani upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata na kiwango cha ISO. Ukibadilisha moja, huna budi kurekebisha jingine. Kwa mfano, kwenye jua kali lisilo na mawingu, tundu la f/16 na ISO 100 huenda pamoja na kasi ya takriban 1/100 ya sekunde. Ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu vipimo hivyo vitatoa picha nyeusi tii. Itakubidi ufungue tundu, upunguze kasi au uongeze ISO, na kila uamuzi una gharama yake. Kasi ikishuka mno, maharusi wanaocheza wataonekana kama kivuli kinachopita. ISO ikipanda mno, picha itajaa chengachenga.

Kujiamini hutokana na nini

Watu hudhani kwamba kujiamini ni tabia ya kuzaliwa nayo. Kwa mpiga picha, kujiamini ni kuwa na jibu pale jambo linapoharibika mbele ya watu. Tuchukue mfano wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gauni jeupe, akiwa amesimama mbele ya ukuta mweupe. Kamera inapojipangia yenyewe hukadiria mwanga kwa wastani. Ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Matokeo yake ni gauni la kijivu na uso usioonekana vizuri. Asiyefundishwa hurudia picha ileile mara kumi, jasho likimtoka, huku wazee wakimtazama. Aliyefundishwa huongeza mwanga kwa hatua moja, huutazama uso badala ya gauni, kisha huendelea na kazi.

Mazingira ya kwetu yana mafunzo yake pia. Miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali Mbeya na Makete. Ukiingia na kamera yenye ubaridi wa nje kwenye chumba chenye joto, lenzi hufunikwa na ukungu. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole. Mkufunzi anayeifahamu kazi yake atawatoa wanafunzi darasani: atawapeleka alfajiri kwenye mwanga laini wa Gangilonga mjini Iringa, kwenye nguzo za mmomonyoko za Isimila wakati vivuli ni virefu, au sokoni saa sita mchana ambapo jua la utosini huwatia watu vivuli machoni. Mwanafunzi aliyeshindwa na kurekebishwa katika mazingira hayo hatishwi tena na ukumbi wa harusi.

Piga hesabu ya muda wa kushika kamera

Ada peke yake haikuelezi kama kozi ni ghali au nafuu. Linganisha ada na muda ambao wewe mwenyewe utaishika kamera. Chukulia kwamba chuo cha kwanza kinatoza Sh 240,000 kwa saa 40, kina kamera 2 na wanafunzi 20. Hata kama muda wote ungekuwa wa vitendo, kila mwanafunzi angeshika kamera kwa saa 4 tu, na kila saa hiyo ingemgharimu Sh 60,000. Chuo cha pili kinatoza Sh 300,000 kwa saa 30, kina kamera 5 na wanafunzi 10. Hapo kila mwanafunzi anaweza kupata saa 15 kwa Sh 20,000 kila moja. Kilichoonekana ghali ndicho nafuu.

Ikiwa unamiliki kamera au simu yenye kamera nzuri, uliza kama unaruhusiwa kujifunza kwa chombo chako. Kanuni za mwanga na mpangilio wa picha hazibadiliki kwa sababu ya bei ya kifaa. Usikubali kushawishiwa kununua kamera kutoka kwa mwenye chuo siku ya kwanza, kabla hujajua unahitaji nini.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

1. Usajili. Iwapo unaahidiwa cheti kinachotambulika, ulizia namba ya usajili ya chuo na uithibitishe kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Ofisi na vyuo vya VETA vilivyopo Mbeya na Iringa pia vinaweza kukupa ushauri kuhusu mafunzo ya ufundi stadi.

2. Mtaala ulioandikwa. Omba orodha ya mada, idadi ya saa za nadharia na za vitendo, na jina la mkufunzi atakayefundisha. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

3. Kazi za waliotangulia. Tazama picha zilizopigwa na wanafunzi wenyewe. Picha za mkufunzi huonyesha uwezo wake wa kupiga, lakini hazionyeshi uwezo wake wa kufundisha.

4. Kipindi cha kuonja. Omba kuhudhuria somo moja. Angalia kama mkufunzi hupitia picha za kila mwanafunzi na kueleza kasoro zake kwa staha. Mwanafunzi anayedhihakiwa huacha kuuliza, na asiyeuliza hajifunzi.

5. Masharti ya kurudishiwa ada. Soma kinachotokea ukiugua, au chuo kikiahirisha kozi. Kama hakuna kilichoandikwa, omba kiandikwe na kisainiwe kabla ya malipo.

6. Risiti. Dai risiti halali, hata unapolipa kwa awamu au kwa simu, na uitunze pamoja na tangazo lililokuvutia.

Picha za watu zina haki ndani yake

Kozi makini hufundisha pia mipaka. Picha inayomtambulisha mtu inagusa faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka utaratibu wa namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kutumiwa. Omba ridhaa kabla ya kumpiga mtu picha kwa ajili ya biashara. Kwa mtoto, omba ridhaa ya mzazi au mlezi. Vilevile, kazi za picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Muulize mwenye chuo, tena kwa maandishi, nani atamiliki picha utakazopiga ukiwa mwanafunzi, na kama chuo kinaweza kuzitumia kwenye matangazo yake.

Ukiona umedanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayoiuza. Ikiwa uliahidiwa saa 40 ukapewa 15, au uliambiwa chuo kimesajiliwa kumbe sivyo, anza kwa kumwandikia mwenye chuo barua fupi inayoeleza ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai, ukimpa muda wa kujibu. Baki na nakala. Asipotoa suluhu, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC) ukiambatisha risiti, tangazo na mawasiliano yenu. Kudai haki yako si ugomvi, na malalamiko yenye vielelezo huwasaidia pia watakaokuja baada yako.

Baada ya kozi

Ujuzi usiotumiwa hufifia. Jiwekee utaratibu wa kupiga picha kila wiki, uzihifadhi sehemu mbili tofauti, na mwisho wa mwezi uzilinganishe na za mwezi uliotangulia. Kabla ya kukubali malipo ya harusi, omba kumsaidia mpiga picha mzoefu katika shughuli mbili au tatu, kwa kuwa kosa la darasani hurudiwa, lakini ndoa haifungwi upya kwa sababu kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa. Ukifika siku unapoitazama picha mbaya na kutaja mwenyewe sababu yake na tiba yake, utajua kwamba ada yako haikupotea.