Tuta Katikati ya Tumbo

Wasomaji wetu wa pwani wakisikia jina la Kilwa hukumbuka mara moja magofu ya Kilwa Kisiwani. Kilwa tunayoinena leo ni nyingine. Ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Pweto, katika jimbo la Haut-Katanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Watu wake huishi kwa samaki, kwa shamba na kwa uchukuzi. Jambo tunalotaka kuwaeleza akina baba wa jamaa huonekana sana kwa watu wa kazi za namna hiyo, ingawa karani mwenye kitambi aweza kulipata vilevile pasipo kuinua kitu kizito kuliko kalamu.

Mfikirini mvuvi wa miaka hamsini hivi. Alfajiri aamka mkekani. Anapoinua kichwa ili aketi, katikati ya tumbo lake, toka chini ya kifua mpaka karibu na kitovu, panatokea tuta refu kama mgongo wa samaki. Akiisha kukaa, tuta latoweka. Hasikii maumivu ya kweli, ila kiuno kinamchosha kuliko zamani. Mkewe ameliona, naye auliza kwa upole: "Baba watoto, tumbo lako lina nini?" Yeye avuta shati. "Si kitu, mama." Lakini moyoni ana hofu. Ufukoni mwenzake mmoja atamwambia kuwa ni ngiri, na kwamba akivuta wavu tena atapasuka. Mwingine atanong'ona kuwa amelogwa kwa ajili ya nyavu zake mpya. Wa tatu atamwonyesha nyumba ya mzee mwenye kuchanja chale. Na huenda fedha ya shule ya watoto ikaishia huko.

Basi, tuanze na mwili wenyewe. Mbele ya tumbo mna misuli miwili mirefu iliyosimama sambamba, mmoja kuume na mmoja kushoto, toka mbavuni mpaka mfupa wa kinena. Katikati yake huiunganisha ukanda mweupe wa nyuzi ngumu. Ukanda huo ukisukumwa kwa ndani miaka mingi, hulegea na kupanuka, na misuli ile huachana. Mvuvi ataelewa upesi: ni kama wavu uliovutwa mno, haukukatika, lakini macho yake yamepanuka. Chama cha madaktari wa ngiri cha Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kiliweka mpaka kuwa misuli ikiachana kupita sentimeta 2, hapo ndipo husemwa kwamba imeachana kweli. Tundu hakuna. Utumbo haukutoka mahali pake. Ndiyo sababu tuta lile, hata likitisha macho, halimkabi mtu.

Akina mama wanalijua jambo hili tangu zamani, maana mimba hupanua tumbo, na baada ya kuzaa wengine hubaki na mwanya. Watoto wachanga nao huwa nao mara nyingi, kisha hufunga wenyewe wanapokua. Hapa hatuna budi kusema neno moja la uchungu. Wako akina baba waliowacheka wake zao kwa tumbo lililolegea baada ya uzazi wa nne au wa tano. Na siku tuta linapowatokea wao wenyewe, aibu huwaziba midomo, maana wanadhani wamepatwa na ugonjwa wa kike. Wanaume hulipata pia, hasa wakiisha kupita miaka arobaini. Kitambi ndicho kisababishi kikubwa. Umri hulegeza nyuzi. Kikohozi cha muda mrefu husukuma kila siku, na vivyo hivyo kujikamua chooni, na mizigo mizito inayoinuliwa kwa kuzuia pumzi.

Juu ya mizigo tuna mengi ya kusema. Wapagazi wa misafara ya kale, Wanyamwezi waliofika Katanga kufuata shaba na pembe, walizoea mzigo wa kilo 30 hivi, na watu waliwasifu kwa nguvu zao. Msiri mwenyewe, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, alitoka upande huo wa watu wa misafara. Siku hizi kijana akibeba gunia la unga la kilo 100 mgongoni, hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Na barabara za kuingia Lubumbashi zina wanaume wanaosukuma baiskeli zilizolemewa na magunia ya makala, vifua vimeinama juu ya usukani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Twajua kuwa mwenye gunia hakuletewa barua hiyo. Lakini baba wa jamaa aijue hesabu, maana anayelipwa kwa gunia moja zima aweza kulipwa sawa kwa nusu mbili, kama wachukuzi wakikubaliana kwanza wao kwa wao.

Sasa twafika mahali ambapo kosa huua. Kuna watu wawili wanaokosea. Wa kwanza ana tuta tupu, naye aacha kazi na kujiita mgonjwa wa ngiri. Wa pili ana ngiri ya kweli, naye ajifariji kwamba ni tuta kama la jirani yake. Huyu wa pili ndiye tunayemhofia.

Namna ya kupambanua si ngumu. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa polepole. Tuta la misuli iliyoachana ni refu, laini, liko katikati kabisa, na ukilaza kichwa latoweka; vidole vikiwekwa juu ya kitovu husikia mwanya kati ya kingo mbili. Ngiri huwa uvimbe wa mviringo mahali pamoja: kinenani, kitovuni, au wakati mwingine katika ukanda uleule wa katikati. Hutokea mtu akisimama au akikohoa, hata hushuka katika mfuko wa korodani. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo mwenye mashaka aende akatazamwe na daktari. Na uvimbe wa ngiri ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, mtu akatapika, akakosa choo na hata upepo, hapo utumbo umekabwa. Asingoje asubuhi, wala asisukumwe kwa mikono na jirani, wala asinyweshwe dawa ya kuharisha. Ni mtumbwi, ni pikipiki, ni chochote kitakachomfikisha hospitali yenye upasuaji saa ileile.

Hatari hiyo ndiyo inayofanya ngiri itengenezwe mapema, kabla haijakaba. Watu husema upasuaji huo ni wa matajiri. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya mashariki mwa Uganda, kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu walitiwa kitambaa cha wavu kilichotengenezwa kwa ajili ya hospitali, chenye bei kubwa. Nusu walitiwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu kati yao wote. (Ufukoni chandarua hutumika kwa kuvulia dagaa, jambo linaloleta ugomvi wake, lakini cha tumboni ni kazi ya daktari tu.)

Tumrudie mvuvi wetu, ambaye amekwisha tazamwa na kuambiwa kuwa ngiri hana. Ataishije? Asidanganywe: kwa mtu mzima mwanya huo kwa kawaida haufungi wote, na upasuaji wa kuushona hufanywa kwa wachache, wale wanaozuiwa kweli kufanya kazi zao. Mkanda wa kufunga tumbo huweza kumtuliza kiuno siku ya kazi, lakini haushoni kitu. Jambo la kwanza ni kupunguza kitambi, kama anacho; hapo pombe ya jioni haina budi kutajwa, ingawa tunajua haitapendeza. Kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe, maana chaweza kuwa kifua kikuu. Akiamka asijiinue moja kwa moja. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akiinua mzigo aukaribishe mwilini, akunje magoti, na atoe pumzi wakati ule wa kuinua.

Mazoezi yapo. Vijana watamwambia alale na kujikunja mara mia. Asikubali, maana kila zoezi linaloinua tuta lasukuma ukanda uleule uliolegea. Aanze kwa kulala chali magoti juu, atoe pumzi polepole huku akivuta kitovu kwenda mgongoni, ashike kidogo, aachilie. Afanye hivyo asubuhi na jioni kwa miezi, pasipo kuhesabu siku. Mkewe, kama aliwahi kufundishwa hayo kliniki baada ya uzazi, ndiye mwalimu wa karibu kuliko wote.

Na kazi je? Aendelee. Wavu auvute, ila awe katikati ya kamba pamoja na wenzake badala ya kujitanguliza peke yake kama kijana. Mtumbwi ukifika ufukoni, kikapu kikubwa kigawanywe viwili kabla hakijainuliwa.