Tija kazini Nakivale: kabla ya kumlaumu fundi, hesabu saa zinazopotea

Oda ya sare za shule inapochelewa, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni fundi. Huitwa mvivu au mzembe, na pengine ujira wake hukatwa. Lakini katika biashara ndogo za Nakivale na Mbarara, muda mwingi unaweza kupotea kwa sababu ambazo fundi hana uwezo nazo. Kitambaa hakijafika kutoka mjini, mkasi ni mmoja kwa watu wanne, umeme umekatika, au maelekezo yametolewa kwa lugha ambayo nusu ya wafanyakazi hawaielewi.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958 kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kuendesha biashara, na wengi wamefungua maduka, mashine za kusaga mahindi, migahawa na karakana za ushonaji. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, iko takribani kilomita 60 kutoka hapo na ndiyo soko kubwa la karibu.

Suala la tija limekuwa zito zaidi miaka hii. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na mahitaji, na mwaka 2025 watu wapatao milioni 1 waliondolewa kwenye orodha ya msaada wa chakula kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kwa familia iliyotolewa kwenye orodha, ujira wa kazi umebaki kuwa tegemeo. Mwajiri anayepoteza wateja wa Mbarara kwa kuchelewesha kazi hapotezi faida yake peke yake.

Tija ni nini?

Tija ni kiasi cha kazi nzuri iliyokamilika kwa kila saa iliyotumika. Kumfanya mtu akae karakanani hadi saa tatu usiku si kuongeza tija, kama nguo anazotoa ni zilezile ambazo angezimaliza saa kumi na moja jioni. Mara nyingi ni kinyume chake: aliyechoka hukosea, na nguo iliyokosewa hushonwa mara mbili.

Chukua mfano wa karakana yenye mafundi wanne, kila mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Jumla ni saa 192. Tuseme kila fundi hupoteza saa moja na nusu kwa siku akitafuta vifaa, akisubiri pasi, au akingoja mwenye karakana arudi na zipu. Kwa wiki hizo ni saa 36. Ikiwa sare moja huchukua saa 3, basi sare 12 zimepotea bila yeyote kulala kazini. Kuwakemea mafundi hakuwezi kuzirudisha sare hizo.

Hatua ya kwanza: daftari la wiki moja

Kabla ya kubadilisha chochote, mwenye biashara anunue daftari na kuandika kwa siku sita kila mara kazi inaposimama: saa ngapi, kwa muda gani, kwa sababu gani. Wafanyakazi waelezwe mapema kwamba daftari hilo si la kutafuta mkosaji. Wakiogopa, watajifanya wana kazi hata pale uzi ulipokwisha, na hesabu itakuwa ya uongo.

Mwisho wa wiki sababu mbili au tatu zitajitokeza kuliko nyingine. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza.

Vifaa na safari za Mbarara

Safari ya kwenda na kurudi Mbarara ni takribani kilomita 120. Kuifunga kwa ajili ya vifungo vya shati ni hasara mara mbili: nauli, na mafundi wanaokaa bure. Dawa yake ni kuweka kiwango cha chini kwa kila bidhaa. Kwa mfano, uzi mweupe ukibaki vibunda vitatu, unaandikwa kwenye orodha ya manunuzi siku hiyohiyo. Orodha ibandikwe ukutani ili fundi yeyote aweze kuandika. Mwenye mashine ya kusaga afanye vivyo hivyo kwa mikanda, chekecheo na mafuta.

Umeme nao uwe na mpango wake. Unapokuwepo, zitangulie kazi zinazouhitaji. Ukikatika, mafundi wahamie kwenye kukata vitambaa, kushona vifungo, kukunja, au kwenye cherehani ya miguu, bila kungoja kuamriwa.

Kupanga mahali pa kazi

Tanzania ilianza mwaka 2007, katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kutumia mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, ambayo baadaye ilisambazwa katika hospitali nyingine. Kwa Kiswahili hatua zake tano zimepewa maneno yanayoanza na herufi S, na zinafaa karakana kama zinavyofaa wodi:

1. Sasambua: ondoa visivyotumika, kama cherehani mbovu inayoziba njia.
2. Seti: kila kifaa kiwe na mahali pake, na kinachotumika sana kiwe karibu na mkono.
3. Safisha: dakika kumi kabla ya kufunga, kila mtu kwenye eneo lake.
4. Sanifisha: utaratibu uwe mmoja kwa wote, hata bosi asipokuwepo.
5. Shikilia: uendelee kila siku, si wiki ya kwanza tu.

Faida yake ni kwamba haina gharama kubwa. Misumari ya kutundikia mikasi ni rahisi kuliko cherehani mpya. Huko Dar es Salaam, mafunzo ya aina hii yamewahi kutolewa pia kwa wenye biashara ndogo za ushonaji.

Lugha tano, kazi moja

Katika karakana moja ya Nakivale anaweza kukaa Mkongomani anayezungumza Kiswahili, Mrundi, Msomali na mwenyeji anayezungumza Kinyankole. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014, uliohusu pia Nakivale, ulionyesha kuwa wakimbizi nao ni waajiri: mjini Kampala, asilimia 40 ya watu walioajiriwa na biashara za wakimbizi walikuwa raia wa Uganda.

Mchanganyiko huo huvuta wateja wa kila lugha, lakini maelekezo ya mdomo hupotea njiani. Njia nyepesi ni kutundika ukutani nguo moja iliyokamilika vizuri, yenye vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu. Kila fundi atailinganisha na yake. Aidha, kikao cha dakika tano asubuhi, ambapo kila mmoja anarudia kazi yake ya siku kwa maneno yake mwenyewe, huonyesha mapema nani hakuelewa.

Malipo na chakula

Kulipa kwa kipande huongeza kasi, lakini kunaweza kushusha ubora na kumwacha fundi bila kitu siku vifaa vinapokosekana. Kulipa kwa siku humpa utulivu, ila hakumtofautishi mwenye bidii. Mwajiri anaweza kuchanganya: ujira wa siku unaojulikana, na nyongeza kwa kila kipande kinachozidi lengo na kupita ukaguzi. Lililo muhimu ni kulipa tarehe iliyoahidiwa. Fundi asiyejua atalipwa lini hutafuta kibarua kingine, na siku ya oda kubwa hapatikani.

Chakula cha mchana nacho ni sehemu ya hesabu. Mwaka 2005 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza kuwa lishe duni kazini inaweza kupunguza tija kwa hadi asilimia 20. Mahali ambapo mgao wa nyumbani umekatwa, sahani ya posho na maharage saa saba mchana si sadaka.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 48 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na mara mbili siku za sikukuu. Sheria hiyo inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki, na makato ya mshahara ni yale tu yanayoruhusiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, waajiri wote, hata wenye mfanyakazi mmoja, wanatakiwa kuchangia mfuko wa NSSF: asilimia 10 kwa mwajiri na 5 kwa mfanyakazi.

Kwa hiyo kurefusha siku bila malipo na kukata ujira kwa kila kosa si njia ya kuongeza tija, na humweka mwajiri matatani. Zile saa 36 za mfano wetu ziko ndani ya saa halali za kazi. Akizipata hata nusu, karakana itatoa sare 6 zaidi kwa wiki kwa mafundi walewale na cherehani zilezile, na sehemu ya pesa hiyo inaweza kurudi kwao kama nyongeza.