Chakula cha jioni katika sufuria moja: makaroni, kima na afya ya jamaa

Mfanyakazi anayetoka mjini Mombasa saa kumi na moja jioni kuelekea Likoni, akishangoja feri na kugombania matatu ng'ambo ya pili, hufika kwake magharibi imeshapita. Mwenzake wa Changamwe amefungiwa njia na malori ya bandari, na yule wa Kisauni bado yuko kwenye foleni. Mara nyingi huyo aliyechelewa ndiye anayetarajiwa apike. Watoto wameshatuliza njaa kwa viazi karai na soda, na chakula chenyewe chaiva saa tatu usiku, wakati mdogo wao amekwisha lala.

Kwa mtu mwenye afya njema, kuchelewa huku ni usumbufu tu. Kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo jingine. Aliyejidunga insulini ya kabla ya kula, kisha akakaa saa nzima akingojea wali uive, aweza kupungukiwa na sukari mwilini: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na akiachwa atazimia. Hapo, maadamu bado aweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha ale. Lililo bora zaidi ni kuingoja sahani iwe mbele yake ndipo ajidunge, isipokuwa daktari wake amemwelekeza vingine.

Ndiyo maana leo, msomaji, nazungumzia upishi. Chakula ninachokipendekeza ni makaroni na kima katika sufuria moja, nacho huchukua kama nusu saa. Wamarekani hupenda kukipika kwa nyama ya bata mzinga ya kusaga. Kwetu bata mzinga ni ghali na hapatikani kila duka, basi tusijisumbue naye. Kima cha ng'ombe kisicho na mafuta mengi, cha mbuzi, au kidari cha kuku kilichosagwa vyafaa vile vile. Tena nyama ya ndege si lazima iwe na mafuta machache. Ikisagwa pamoja na ngozi yake, faida hiyo imepotea.

Kima ni nyama inayohitaji hadhari kuliko nyama ya vipande. Katika kipande kizima, vijidudu hukaa zaidi juu, na moto huwafikia upesi. Nyama ikishapita kwenye mashine, kilichokuwa juu kimechanganyika na kilichokuwa ndani. Mwaka 1993 huko Marekani, watoto wanne walifariki na mamia ya watu wakaugua kutokana na hambaga za kima kisichoiva, kilichokuwa na aina kali ya kijidudu cha E. koli ambacho hudhuru figo za watoto. Kwa hiyo usinunue kima mjini adhuhuri ukakibeba mfukoni katika joto letu hadi jioni. Kinunue mwisho, karibu na nyumbani, na umwombe mwenye bucha akusagie nyama uliyoichagua mwenyewe. Wako wanaokiosha kima kwenye chujio. Hilo halikitakasi, hurusha tu maji machafu kwenye vyombo vya karibu.

Kwa watu watano tayarisha pakiti moja ya makaroni ya gramu 400, kima robo kilo au zaidi kidogo, vitunguu viwili, nyanya nne (tungule, kama tusemavyo hapa), karoti mbili, hoho moja, kitunguu thomu, bizari na fungu zuri la mchicha. Kata mboga zote kwanza, ndipo ushike nyama, kisha unawe mikono kwa sabuni. Ukianza na nyama, kisu na kibao vitapeleka vijidudu kwenye kachumbari, nayo haipiti motoni.

Tia kijiko kimoja tu cha kulia cha mafuta, kwa kuwa kima kina mafuta yake. Kaanga kitunguu, kisha kima, ukikivunjavunja kwa mwiko hadi kisibaki chekundu, kama dakika nane. Ongeza thomu, bizari, karoti, hoho na nyanya. Nyanya zikilainika, mimina lita moja ya maji na chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Yakichemka, tia makaroni, funika, na ukoroge mara kwa mara yasishike chini. Dakika kumi hadi kumi na mbili zatosha. Maji yakikauka mapema ongeza kidogo ya moto. Mchicha uingie dakika tatu za mwisho. Ukitumia tambi nyembamba, punguza maji na muda, maana zile hulainika upesi sana.

Hapa sufuria moja ina faida nyingine mbali na kupunguza vyombo vya kuosha. Kima chaweza kugeuka rangi ya kahawia kabla hakijafikia joto la kuua vijidudu, yaani nyuzi 71 za Selsiasi kwa ng'ombe au 74 kwa kuku. Katika mapishi haya, baada ya kukaangwa, nyama huchemka tena pamoja na makaroni dakika zisizopungua kumi. Hata asiye na kipimajoto awe na amani.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kile kijiko cha sufuria nzima kikigawanywa kwa watano ni kama gramu moja kila mtu. Lakini ukiongeza unga wa mchuzi wa pakiti, hesabu hiyo yaharibika, kwa maana sehemu kubwa yake ni chumvi. Mwenye presha autumie thomu, pilipili manga na ndimu badala yake.

Wagonjwa wa sukari huniuliza kama makaroni wamekatazwa. Hawakukatazwa. Wanga wake umeshikamana, kwa hiyo huingia katika damu polepole kuliko ule wa mkate mweupe, mradi usipikwe ukawa uji. Kinachowaponza ni wingi. Kikombe kimoja cha makaroni yaliyoiva chatosha, na nusu ya sahani iwe mboga. Tambi za sukari, iliki na nazi, tunazozijua sote tangu utotoni, ni habari nyingine. Hizo azionje tu.

Kima na mchicha vina madini ya chuma, yanayohitajiwa sana na wajawazito na watoto wadogo. Kamulia ndimu sahanini, kwani vitamini C husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Chai hufanya kinyume chake. Najua kwamba kumwambia mtu wa Pwani ale bila chai ni kumtafutia ugomvi, lakini ingojee saa moja.

Neno moja juu ya jiko. Wengi wanaoishi chumba kimoja huingiza jiko la makaa ndani, hasa mvua ikinyesha. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na imekwisha kuua watu waliolala. Pikia barazani au uani. Ikishindikana kabisa, fungua mlango na dirisha, na jiko litoke nje mara chakula kinapoiva. Lisibaki hata kama limefunikwa na jivu.

Makaroni yaliyobaki yasilale mezani. Kuna kijidudu kiitwacho Basilasi seriasi ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka chakula kikipoa polepole, na moja ya sumu zake haiondoki kwa kupashwa moto. Mwaka 2008 huko Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikula spageti zilizokaa siku tano nje ya friji. Aliaga dunia usiku huo huo. Joto la Mombasa halingojei siku tano. Asiye na friji apike cha kuliwa usiku huo tu. Mwenye friji akitie katika bakuli pana lisilo na kina, akiingize kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake akipashe hadi kitoe mvuke hata katikati. Stima ikiwa imekatika usiku kucha, kimwage.