Kutathmini Mahitaji ya Utengamao kwa Wenye Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio: Mazingira ya Arua na Koboko, Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutathmini mahitaji ya utengamao ya watu wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba tathmini hiyo huanza na lugha: swali lisiloeleweka huzaa jibu lisilofaa, na jibu lisilofaa huweza kumnyima mgonjwa tiba.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa kasoro za mapigo ya moyo zinazohitaji tiba ya muda mrefu, iliyoenea zaidi ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Vyumba hivyo hupapatika badala ya kusinyaa kwa pamoja. Damu hutuama humo na kuganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Barani Ulaya hali hii huhusishwa zaidi na uzee na shinikizo la damu. Kwetu kuna chanzo kingine kikubwa: ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ambao huanza na maambukizi ya koo utotoni. Utafiti wa REMEDY uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huo kutoka nchi 12 za Afrika, Uganda ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28, wengi walikuwa wanawake, na takriban mmoja katika kila watano alikuwa na mpapatiko huo. Kwa hiyo, mhitaji wa utengamao hapa si lazima awe mzee aliyestaafu. Aghalabu ni mama anayelea au kijana anayetafuta riziki.

Utengamao, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni jumla ya huduma zinazolenga kuboresha utendaji wa mtu na kupunguza ulemavu, kwa kuzingatia mazingira anamoishi. Fasili hii inamtaka mtathmini avuke swali la "moyo una nini?" na kufikia swali la "moyo huu umemzuia mtu huyu kufanya nini?"

2.0 Lugha ya Swali

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hata hivyo, katika Nile Magharibi Kiswahili huishi pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiarabu cha Juba. Mgonjwa akisema "moyo unanienda mbio", huenda anaeleza mapigo, na huenda anaeleza hofu. Neno *kiherehere*, ambalo katika kamusi lina maana ya moyo kudunda kwa wasiwasi, leo wengi hulielewa kuwa ni kujipendekeza au pupa. Mtathmini akiuliza "una kiherehere?" anaweza kumkosea adabu mzee wa watu pasipo kukusudia.

Njia nyepesi ni kumwomba mgonjwa agonge mezani kwa kidole jinsi anavyousikia moyo wake. Mgongo wa haraka lakini sawia humwelekeza mtathmini upande mmoja; ule wa ovyo, unaoruka na kurudi, humwelekeza upande mwingine. Hauthibitishi ugonjwa, kwa kuwa uthibitisho ni kazi ya kipimo cha umeme wa moyo, lakini huvuka mipaka ya lugha.

3.0 Maeneo ya Tathmini

Kwanza ni mapigo yenyewe. Yahesabiwe kwa sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne hupotosha pale ambapo mapigo hayana mpangilio.

Pili ni uwezo wa mwili. Jaribio la kutembea kwa dakika sita huhitaji njia tambarare ya mita 30, saa na kiti. Matokeo yake yafasiriwe kwa kazi halisi: je, mgonjwa hubeba dumu la lita 20 kutoka kisimani? Hupalilia muhogo kwa muda gani kabla ya kupumzika? Mwendesha bodaboda aulizwe kuhusu kizunguzungu na kuzimia, maana hatari yake ni yake na ya abiria wake.

Tatu ni dawa. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionesha kwamba, kwa wenye mpapatiko uliotokana na baridi yabisi, dawa za zamani za kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini, ziliambatana na vifo vichache kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Lakini wafarini hudai kupimwa damu mara kwa mara, na nguvu yake hubadilika kwa mboga za majani. Mgonjwa hahitaji kukatazwa majani ya kunde. Anahitaji kuyala kwa kiasi kisichobadilika sana. Aidha, wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mazungumzo kuhusu uzazi ni sehemu ya tathmini.

Nne ni nafsi na jamii: hofu ya kufa ghafla, usingizi, na nafasi ya mgonjwa katika familia. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ulemavu lina toleo fupi la maswali 12 yanayohusu siku 30 zilizopita, nalo hufaa likitafsiriwa na kujaribiwa kwanza kwa wenyeji.

4.0 Mazingira

Arua ina hospitali ya rufaa, lakini Taasisi ya Moyo ya Uganda ipo Mulago, Kampala, takriban kilomita 500. Koboko hupakana na Sudan Kusini na Kongo, na Lobule ni makazi ya wakimbizi wa Kikongo. Mpango wa mazoezi unaodai safari za kila wiki umeshindwa kabla ya kuanza. Hivyo nauli, umbali na msindikizaji viandikwe katika fomu sawa na mapigo ya moyo.

5.0 Hitimisho

Tathmini njema haihitaji mitambo mingi, bali huhitaji saa, njia ya kutembea, na maswali yaliyopimwa katika lugha ya anayeulizwa. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu hapa: kushirikiana na wahudumu wa afya kusanifu maswali hayo, kabla ya kiharusi kumwondolea mgonjwa uwezo wa kuyajibu.