Sheria ya Kuchochea Maasi Jeshini: Inamlinda Nani?

Askari anayeasi huhukumiwa kwa sheria za jeshi. Raia anayemshawishi aasi hushtakiwa kwa kosa la jinai la pekee. Baadhi ya makada huyachanganya makosa haya mawili. Hapana budi tuyatenganishe, kisha tuulize: sheria dhidi ya mchochezi ilizaliwa wapi, na imemlinda nani?

Ilizaliwa Uingereza mwaka 1797. Mwezi wa Aprili mabaharia wa manowari waligoma huko Spithead, kwani mshahara wao haukuwa umeongezwa kwa zaidi ya miaka 100. Serikali ikawaongezea. Lakini maasi mengine yalipozuka Nore mwezi wa Mei, tabaka la watawala lilishika njia nyingine. Mwezi wa Juni Bunge lilipitisha sheria kwamba mtu yeyote atakayejaribu kwa makusudi kumshawishi askari aache wajibu na utii wake, atauawa. Tuzingatie kwamba nia na jaribio vilitosha. Haikuwa lazima askari akubali.

Sasa tuchambue matumizi yake. Mwaka 1912, Tom Mann, kiongozi wa wafanyakazi, alifungwa kwa sheria hiyo kwa sababu ya waraka uliowasihi askari wasiwapige risasi wafanyakazi waliogoma. Machi 1914, maofisa wa kambi ya Curragh, nchini Ayalandi, walitamka kuwa ni afadhali wafukuzwe kazi kuliko kupelekwa kuwakabili wapinzani wa serikali huko Ulster. Hakuna aliyeshtakiwa, wala wanasiasa waliowaunga mkono hawakuguswa. Ni dhahiri kwamba sheria ilikuwa moja, lakini matabaka yalikuwa mawili.

Wakoloni wa Kiingereza waliliingiza kosa hili katika sheria za makoloni yao. Je, lilizuia maasi? Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai nyongeza ya mshahara, na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Chanzo kilikuwa ndani ya kambi, kama kule Spithead. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, ambalo elimu ya siasa ilikuwa sehemu ya mafunzo yake.

Hatusemi kwamba mchochezi aachwe. Nchi isiyolinda utii wa jeshi lake hujiweka mikononi mwa wenye bunduki. Tunasema kwamba sheria humkamata anayewasha kiberiti, lakini haiondoi majani makavu. Kazi hiyo ni ya uongozi: kusikiliza malalamiko ya askari mapema, kutenda haki, na kumwelimisha ajue anamlinda nani.